Mazinger Z au Macross? Ukitaka kurudi kwenye magemu ya maroboti ya mashine ya sarafu, anza na lipi

Binamu yangu wa Muscat kanipigia usiku wiki mbili zilizopita, hata salamu hatujamaliza ananambia "yakhe, lile gemu la Grendaizar nimelipata." Nikakaa kitako. Grendaizar ndo Grendizer, roboti la katuni ya Kijapani ya utotoni kwetu. Maana hilo gemu tumelitafuta miaka na miaka, tulilicheza mara moja tu, likizo moja nilopelekwa kwa mjomba kule Oman nikiwa mdogo, kwenye ukumbi wa magemu ambao hata upande wake wa mji siukumbuki tena, mimi nimeshika Grendaizar yeye kashika roboti jingine, sarafu zikaisha, mjomba akasema basi twendeni, tukaondoka huku tunaangalia nyuma. Tangu hapo kila nikipata intaneti naandika jina la Grendizer na neno gemu na neno zamani, sipati kitu. Kumbe tatizo lilikuwa jina tu! Ile mashine haiitwi Grendizer kabisa, inaitwa Mazinger Z, ni ya kampuni ya Kijapani ya Banpresto, ya mwaka 1994, na Grendizer yumo ndani kama mmoja wa maroboti watatu unaochagua mwanzo. Sisi watoto wa kule tulimuona yeye tu, wale wawili wengine hata hatukuwaangalia usoni.

Sasa binamu kaipata bodi yenyewe, ile sahani ya saketi inayokaa ndani ya mashine, kuna mtu anauza vitu vya mtumba kutoka Japani. Ila yule muuzaji anazo na zingine za ukoo huohuo, zile za Macross, na hela ya binamu inatosha moja tu. Akaniuliza nichukue ipi. Nikamwambia nipe siku kadhaa nizicheze zote kwanza kwenye kompyuta, halafu nakujibu, na hili ndo jibu, nimeliandika hapa kwa sababu najua hatuko peke yetu, kuna watu wengi tu wa rika letu wana roboti kichwani na hawajui lilitoka wapi.

Tunalinganisha haya. Mazinger Z ya 1994. Macross ya 1992, Macross II ya 1993 na Macross Plus ya 1996, zote tatu za mashine ya sarafu na zote chini ya Banpresto. Halafu nimeongeza moja ambayo haikuwa ya mashine bali ya nyumbani, Macross: Scrambled Valkyrie ya Super Famicom, mashine ya Nintendo ya kuchezea nyumbani, ya 1993, kwa sababu kuiacha nje ingekuwa dhuluma, mtaona.

Kwa ambaye hajawahi kugusa gemu za aina hii, kazi yake ni moja, skrini inasogea yenyewe haikungoji, maadui wanamiminika, wewe unafyatua na unakwepa, unaokota vitu vya kukuongezea nguvu, mwisho wa leveli anakusubiri bosi. Mwanzo wa miaka ya tisini kumbi za Japani zilijaa magemu hayo, na mengi yalikuwa ya ndege tu isiyo na jina. Hapa sio hivyo. Hapa unaendesha kitu ambacho ulishakilia machozi ulipokuwa mtoto, na kwangu mimi hapo ndo penye tofauti yote.

Tuanze na maroboti wenyewe maana ukikosea hapa umekosea kote

Mazinger Z ni kazi ya Go Nagai, katuni ya TV ilianza Desemba 1972 ikaenda mpaka Septemba 1974, vipindi 92. Kabla yake Wajapani walikuwa na roboti kubwa la kuongozwa kwa rimoti kutoka mbali, Tetsujin 28, lakini Nagai alitaka roboti ambalo mtu anakaa ndani yake kama anavyokaa kwenye gari. Na wazo lenyewe anasema lilimjia kwenye foleni, magari yamesimama, akawaza laiti gari langu lingeota miguu na mikono nikapita juu ya hawa wote. Mtu yeyote aliyewahi kukaa Ubungo saa kumi na moja jioni anamuelewa huyu mzee vizuri sana. Ndo akapatikana Koji Kabuto na kile chombo chake kidogo kinachotua juu ya kichwa cha roboti, roboti lenyewe mita 18, mkono unachomoka kwenye kiwiko unaruka kama roketi unaenda kupiga ngumi peke yake halafu unarudi.

Baada yake akaja Great Mazinger, Septemba 1974, mita 25, rubani wake Tetsuya Tsurugi, huyu anaita radi kutoka angani. Halafu Oktoba 1975 ndo akaja wetu, UFO Robot Grendizer, mita 30, vipindi 74 mpaka Februari 1977. Na huyu wa tatu kule kwao Japani ni mdogo wa mwisho tu, kaka zake wana jina zaidi, lakini alipotoka nje akawa mfalme. Ufaransa aliingia Julai 1978 kwa jina la Goldorak, watu waliokulia Paris na Brussels wanamjua kwa jina hilo. Na nchi za Kiarabu zilimpata kwa Kiarabu kilichorekodiwa Lebanon, ule wimbo wa mwanzo kaimba Sammy Clark, na mpaka leo ukiuanzisha mbele ya mtu wa makamo wa Muscat au Kuwait anaumalizia mwenyewe. Sisi wa Unguja wenye jamaa kule tulipata mikanda ya video kwenye masanduku pamoja na tende na udi, Kiarabu hatukielewi vizuri lakini roboti tunalielewa. Mwishoni mwa 2022 Riyadh wakamsimamishia sanamu la chuma la mita 33.7, yaani sanamu limemzidi roboti mwenyewe kimo! Kwa hiyo mtu wa Ghuba akikwambia Grendaizar anamzungumzia ndugu yake.

Macross ni dunia nyingine. Katuni yake ya TV ilianza Oktoba 1982, vipindi 36, na roboti lake halina majivuno ya ngumi. Valkyrie, VF-1, ni ndege ya kivita, Shoji Kawamori kaichora akiiangalia F-14 ya Kimarekani, inaruka kama ndege, halafu inatoa miguu na mikono huku bado ina mabawa, hali hiyo wanaiita GERWALK, halafu inasimama wima inakuwa roboti kamili lenye bunduki, mita 12.68 tu. Kama Mazinger ni pandikizi la mtu, Valkyrie ni kanga anayeruka huku na kule, ukimtazama hatulii. Na vita vyake vinaamuliwa na wimbo, ndio, wimbo, majitu ya Zentradi hayajawahi kusikia muziki maisha yao yote, wakimsikia Lynn Minmay akiimba yanachanganyikiwa. Nilipolijua hilo mara ya kwanza nilirudi nyuma kuangalia tena, sikuamini kama kuna watu walithubutu kutengeneza katuni ya vita hivyo.

Kwa hiyo swali la kwanza sio gemu gani lina picha nzuri. Swali ni wewe unataka uzito au unataka wepesi. Unataka kuwa jitu linaloenda mbele halijali, au unataka kuwa ndege inayopenya katikati ya makombora mia. Hili limenisaidia kuchagua kuliko kitu kingine chochote.

Mazinger Z na Macross Plus, bega kwa bega

Haya mawili nayaweka pamoja kwa sababu ndo yenye nguvu zaidi kwenye zile za sarafu, na yote yanacheza kwa wima, yaani skrini imesimamishwa kama mlango, wewe uko chini maadui wanashuka kutoka juu.

Mazinger Z kwanza inakupa uchaguzi unaoeleweka na mtoto wa miaka sita, maroboti watatu, kila mmoja anakuja na silaha zake za kwenye katuni, basi. Huchagui namba wala rangi, unachagua mtu. Na ukiwa ndani unaliona roboti lako limekaa pale kwenye skrini lina kichwa lina mabega, sio kialama. Hilo lina gharama yake, roboti lenye mwili mpana linakula risasi kuliko ndege nyembamba, ule mchezo wa kujipenyeza katikati ya risasi mbili zilizokaribiana hapa usiuzoee, inabidi ufikirie mapema, uhame kabla mvua haijafika. Siku tatu za kwanza nilikuwa nakufa sehemu zilezile, siku ya nne nikaelewa kwamba gemu halitaki mikono ya haraka sana, linataka mtu anayekumbuka. Adui fulani anatoka upande fulani kila mara, ukishajua unamsubiri na ngumi.

Macross Plus yenyewe imechukua ile anime, yaani katuni ya Kijapani, iliyotoka kwa video 1994 na 1995, sehemu nne tu, Kawamori kaongoza pamoja na Shinichiro Watanabe na muziki wa Yoko Kanno. Hadithi ni mwaka 2040, sayari ya Eden, marubani wawili waliokuwa marafiki wanajaribu ndege mbili mpya ili jeshi lichague moja, Isamu na YF-19 yake yenye mabawa yaliyopinda mbele, Guld na YF-21 inayoongozwa kwa mawazo ya ubongo, katikati yao mwanamke mmoja na mwimbaji wa kompyuta anaitwa Sharon Apple ambaye mwisho anashika akili za watu mji mzima. Fikiria, 1994 hiyo, mwimbaji ambaye si mtu! Kwenye gemu unaingia na ndege hizo hizo na unasikia kabisa kwamba umepanda kitu chepesi, stiki ukiigusa kidogo tu umeshavuka skrini.

Kwa macho tu Macross Plus inashinda, sitaki kudanganya. Bodi yake ni ya prosesa ya biti 32, Motorola 68EC020, na picha za nyuma zinaweza kuvutwa karibu na kurudishwa mbali, ukishuka kwenye mawingu unaona kweli unashuka. Mazinger iko kwenye 68000, prosesa ya kizazi cha nyuma yake, bodi ya familia ileile iliyokuja kubeba DonPachi, gemu la kufyatua la kampuni ya Cave, mwaka 1995, kwa hiyo ni bodi yenye heshima, lakini picha zake ni bapa, zimechorwa doti kwa doti na zinapita tu. Ila mimi doti hizo nazipenda. Rangi za Mazinger ni za katuni ya miaka ya sabini, nyekundu ni nyekundu, hakuna kivuli cha kujidai.

Kwa masikio ndo nimepata shida kuamua. Mazinger inatumia chipu ya Yamaha YM2203, ule mlio wa bati na waya ambao ukikulia kwenye magemu ya zamani unakusisimua mwili mzima, na kando yake kuna chipu ya kupiga sauti zilizorekodiwa. Macross Plus ina Ensoniq ES5506, chipu ya watu waliokuwa wanatengeneza vinanda vya kweli, sauti imejaa, ngoma ni ngoma. Kitaalamu ya pili ni bora hata hakuna mjadala, lakini nikizima taa usiku nikavaa hedifoni, ule mlio wa bati wa Mazinger ndo unaonirudisha kwenye ule ukumbi na harufu ya zulia lake. Kama wewe huna kumbukumbu ya namna hiyo basi usinisikilize hapa, chukua Macross Plus.

Wachezaji wawili, yote yanakubali. Ila tofauti ipo. Kwenye Mazinger mnapokaa wawili kila mtu ana shujaa wake, mnaanza kugombana kabla hata sarafu haijaingia, na mnapocheza unaona Great Mazinger na Grendizer wamesimama bega kwa bega, kitu ambacho kwenye katuni za TV hukipati kila siku. Kwenye Macross Plus mnakuwa ndege mbili na katikati ya vurugu unampoteza mwenzako, nilicheza na mdogo wangu akawa anauliza kila dakika "mimi nipi? mimi nipi?"

Hizi mbili za NMK kwa haraka

Macross ya 1992 na Macross II ya 1993 zimetengenezwa na NMK, kampuni ndogo ya Japani, hao ndo wa P-47 ya 1988, mabingwa wa ndege kweli. Ya 1992 ni ya wima, imekuja anime ikitimiza miaka kumi, na ni ngumu. Ngumu ya kweli. Risasi zina kasi na hazikupi nafasi ya kufikiri, naiheshimu lakini simpi mtu anayeanza. Kitu kimoja, kama unaicheza kwenye kompyuta tafuta emuleta mpya, yaani programu ya kuigiza mashine hizi, kwa sababu chipu yake ya sauti NMK004 kwa miaka mingi ilikuwa inaigizwa kwa kukisia tu, ukiisikia kwenye toleo la zamani la emuleta ya MAME utadhani gemu lina muziki mbovu na kumbe sio kosa lake.

Macross II imelala, yaani unaenda kulia badala ya juu, na imefuata ile anime ya Macross II ya 1992. Utaratibu wake wa ajabu kidogo, mashine inakupima kwa saa na pointi zaidi kuliko idadi ya roho ulizonazo, inabidi ukusanye pointi za kutosha kabla muda haujaisha. Watu wa kushindana pointi wataipenda. Mimi sikuzama, nataka safari, sitaki mtihani. Ila kama una watoto wanaokata tamaa wakifa mara mbili tatu, hii inaweza kuwafaa kuliko ile ya 1992.

Scrambled Valkyrie, mgeni asiyetoka kwenye sarafu

Hapa naomba niongee kirefu kidogo. Hii imetolewa Oktoba 1993 na Zamuse, watengenezaji ni Winkysoft, ndo haohao waliokuwa wanaitengenezea Banpresto ile Super Robot Wars ambayo ndani yake Mazinger na Gundam wanapigana upande mmoja. Hao watu wanajua roboti.

Unachagua rubani kati ya watatu, Hikaru, Max au Milia. Na hapa ule mgeuko wa Valkyrie uko mkononi mwako mwenyewe, unabonyeza kitufe unakuwa ndege, unabonyeza unakuwa GERWALK, unabonyeza unakuwa roboti, saa yoyote, na kila hali ina silaha yake ambayo unaikuza peke yake. Kwa hiyo kichwa kinafanya kazi muda wote, hapa njia nyembamba niwe ndege, pale maadui wametapakaa nibadilike, na kama hali moja umeikuza sana ukapigwa, inakuuma moyoni kama umepoteza mtu. Kati ya haya matano hii ndo iliyoelewa vizuri zaidi kwamba Valkyrie bila kugeuka ni ndege tu kama ndege zingine.

Halafu ule wimbo. Ukiacha kufyatua kwa muda, ukatulia, Valkyrie yako inaanza kung'aa, na ukimgusa adui wa aina fulani ukiwa katika hali hiyo anageuka anakuwa wako, anakufuata anapigana upande wako. Yaani wametengeneza kitufe cha amani kwenye gemu la vita, na kitufe chenyewe ni kunyamaza! Mara ya kwanza nilipofanikiwa nilisimamisha gemu nikaenda kunywa maji. Kuna magemu mengi yanachukua jina la anime na kubandika picha juu, hili limechukua ile maana ya Minmay na kuigeuza kuwa kitu unachofanya kwa vidole. Sijaona mashine ya sarafu iliyofanya hivyo, na naelewa kwa nini, mwenye mashine anataka sarafu nyingine, hataki mtu atulie.

Ina kipimo cha uhai, hupigwi mara moja ukaisha, kwa hiyo anayeanza ana nafasi ya kujifunza. Kasoro yake kubwa kwangu, ni ya mtu mmoja. Binamu akija tutapokezana, na kupokezana sio kucheza pamoja.

Kupata na kuchomeka, hapa watu wanapotezaga hela

Macross karibu zote zilibaki Japani kwa sababu ya mgogoro wa haki, kampuni ya Kimarekani ya Harmony Gold iliyotengeneza Robotech mwaka 1985 ilikuwa imeshikilia haki zake nje ya Japani, mpaka Aprili 2021 ndo ikatangazwa wamepatana na Bigwest, wenye haki za Macross kule Japani. Kwa hiyo ukinunua Macross ya zamani tegemea maandishi ya Kijapani. Hayakuzuii kitu, kukwepa risasi hakuna lugha. Mazinger Z yenyewe ilikuwa na toleo la Japani na toleo la nje, na hilo la nje linaeleza kwa nini sisi tuliikuta kule Oman.

Ukitaka bodi halisi, mashine hizi za wakati ule zinafuata mfumo wa JAMMA ambao Wajapani waliuweka katikati ya miaka ya themanini, plagi moja kwa bodi za kampuni tofauti. Ukishakuwa na kabati moja, au kile kisanduku cha kuunganishia bodi na TV, unabadilisha bodi tu kama kaseti. Muulize muuzaji video ya bodi ikiwa inawaka, na sio picha, picha yoyote inapendeza.

Ukienda kwa Scrambled Valkyrie sikiliza hapa vizuri: umeme wa Japani ni volti 100, wetu ni 230. Ile adapta ya Super Famicom ukiichomeka ukutani Dar au Muscat inaungua siku hiyohiyo. Tafuta transfoma ya kushusha au adapta nyingine inayolingana, na uhakikishe kwa fundi anayejua. Wa Marekani nyinyi umeme wenu hauko mbali sana, ila Super Nintendo ya kwenu ina vijino viwili ndani vinavyozuia kaseti ya Japani isiingie, watu wanavikata. Ya Ulaya kaseti inaingia lakini chipu ya kufuli inaikataa.

Kwa wengi wetu njia itakuwa kompyuta, na hapo kuna MAME, mradi ulioanza 1997 wa kuhifadhi mashine hizi zisipotee bodi zikishaoza. Haki za magemu bado ni za wenyewe, hilo kila mtu alibebe mwenyewe. Nachosema mimi ni jinsi ya kucheza: namba 5 ni kuingiza sarafu, namba 1 kuanza, Tab inafungua menyu. Mazinger, Macross ya 1992 na Macross Plus ni za wima kwa hiyo kwenye laptop zinabaki kama utepe katikati na pembeni weusi mtupu. Ukiwa na monita inayozunguka, ilaze ubavu, utaona gemu jingine kabisa. Simu ukiisimamisha nayo inakaa sawa ila vidole vinafunika nusu ya vita, mimi sikuweza.

Na nakusihi, usijipe sarafu za bure bila mwisho. Kwenye kompyuta unaweza kubonyeza 5 mara hamsini ukalimaliza gemu kwa nusu saa na usikumbuke hata bosi mmoja. Mimi najiwekea sarafu tatu kwa siku, zikiisha nazima. Mazinger imenichukua siku kumi na moja kwa sarafu tatu tatu, na kila leveli naijua kama njia ya kwenda sokoni Darajani.

Sasa uchukue lipi

Kama ulikulia na Grendizer kwa lugha yoyote, Kiarabu, Kifaransa, hata kwa picha tu za kwenye daftari, chukua Mazinger Z na usiangalie pembeni. Ukiwa na mtu wa kucheza naye, ndo kabisa.

Kama huna roboti la utotoni na unataka tu gemu zuri la mashine la miaka ya tisini, la picha na sauti, Macross Plus.

Kama unacheza peke yako usiku na unataka kitu utakachokaa nacho miezi, Scrambled Valkyrie, na kati ya yote matano hili ndo naliona limetengenezwa kwa akili zaidi. Nimelipa uzito huo baada ya kufikiri sana maana moyo wangu uko kwa lingine.

Macross ya 1992 mpe rafiki yako anayejisifu anaweza magemu yote. Macross II, iwe ya mwisho.

Binamu yeye nimemwambia Mazinger. Bodi imeshalipiwa, muuzaji kamtumia video inawaka vizuri, anamtafuta fundi wa kumtengenezea kabati la mbao na stiki mbili. Mimi tiketi yangu ni ya Desemba. Tumekubaliana jambo moja kabla sijapanda ndege, Grendaizar ni wangu, kama siku ile.